Kutoka mdomo wa Ruzizi: mwongozo kamili wa kutembea kwa miguu kwa mkaaji wa Bukavu

Bukavu imekaa pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake. Uso wa ziwa uko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Mto Ruzizi unatoka kati ya Bukavu na Cyangugu ya Rwanda, unakwenda kusini kilomita zisizofika 120, na ukifika Ziwa Tanganyika kimo kimebaki mita 770 hivi. Mto mfupi kiasi hicho unaporomoka karibu mita 700, ndiyo maana umefungwa mabwawa ya umeme: Ruzizi ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ya pili mwaka 1989. Hapo zamani za mbali ziwa lilikuwa likimwaga upande wa kaskazini, kuelekea Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakajaa, yakatafuta upenyo kusini, Ruzizi ikazaliwa.

Kwa mtembezi, habari hiyo ina maana moja: kuzunguka hapa hakuna tambarare. Kila njia inapanda au inashuka, na anayepanga safari kwa kuhesabu kilomita peke yake atakutwa na giza njiani. Basi tuanze na hesabu.

Namna ya kuhesabu muda

Chukua urefu wa njia, ugawe kwa 4: hizo ni saa za kutembea kwa mtu wa kawaida mwenye mfuko mgongoni, kwenye njia ya udongo. Kisha jumlisha mipando yote ya njiani, si tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho, na kwa kila mita 100 za kupanda ongeza dakika 10. Mwisho weka dakika 10 za kupumzika kila baada ya saa moja.

Mfano: njia ya kilomita 14 yenye mipando ya mita 500 kwa jumla. Kilomita zinakupa saa 3 na nusu, mpando unaongeza dakika 50, mapumziko manne yanaongeza dakika 40. Jumla saa 5 kamili. Ukiondoka saa 1 asubuhi, unafika saa 6 mchana. Ukiondoka saa 4 kwa sababu ulimsubiri mwenzako, unafika saa 9, na katika msimu wa mvua huo ndio wakati wa mawingu kupasuka.

Kosa linalowaangusha wengi liko kwenye kujumlisha mipando. Barabara ya kandokando ya ziwa inaanzia karibu na maji na kuishia karibu na maji, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana kama haipandi. Lakini ziwa hili lina ghuba na rasi zilizochanwachanwa, na kila ghuba inakushusha bondeni kisha inakurudisha juu. Mipando sita ya mita 80 inakaribia mita 500, hata kama hukuona mlima wowote. Programu ya ramani kwenye simu itakuonyesha mistari ya vimo. Ihesabu kabla ya kuondoka.

Jua linachomoza karibu saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni, mwaka mzima, bila tofauti kubwa. Hakuna jioni ndefu. Panga kumaliza saa 9 alasiri, ili hizo saa 3 zinazobaki ziwe akiba ya mguu ulioumia au bisi iliyochelewa.

Mguu na kiatu

Udongo wetu ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa unakuwa sabuni. Kiatu chenye soli laini, hata kikiwa kipya na cha bei, hakifai. Tafuta chenye meno marefu yaliyoachana, kwa sababu meno yaliyobanana yanajaa potopoto kwa hatua kumi na baada ya hapo unateleza juu ya udongo wako mwenyewe. Viatu vya mtumba vya namna hiyo vinapatikana sokoni Kadutu. Kabla ya kulipa, kunja soli kwa mikono miwili. Ikiachana na ngozi hata kwa upana wa ukucha, weka chini: gundi ya zamani huachia kwenye mteremko wa kwanza wenye maji.

Lengelenge la kisigino ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko mvua na uchovu. Linatokea hivi: soksi inalowa jasho, ngozi inalainika, kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu kwa milimita chache kila hatua, na tabaka la juu la ngozi linaachana na la chini. Dawa yake ni kukizuia kisigino kisicheze. Funga kamba kama kawaida mpaka tundu la pili kutoka juu. Kamba ya kulia iingize tundu la juu kabisa la kulia, uache kitanzi kidogo. Fanya vilevile kushoto. Sasa pitisha kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini mpaka uhisi kifundo kimekamatwa, ndipo ufunge. Ukipanda kilima na kisigino bado kinanyanyuka, rudia.

Ukianza kuhisi joto mahali pamoja pa mguu, simama palepale. Usingoje pahali pazuri pa kukaa. Vua, kausha, bandika plasta bapa isiyo na mikunjo, vaa soksi kavu. Dakika tano hizo zinakuokolea saa mbili za kuchechemea. Beba jozi mbili za soksi, za sufu au nailoni. Za pamba hazikauki.

Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, yaani lita 2 na nusu kwa safari ya saa 5. Bidoni mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, maana moja ikipasuka hutabaki mikono mitupu. Maji ya vijito, hata yakiwa angavu namna gani, yamepita kwenye mashamba na malisho. Yachemshe au tia kidonge cha klorini na ungoje muda ulioandikwa kwenye paketi. Maji yenye matope chuja kwanza kwa kitambaa, la sivyo klorini inamalizika kwenye matope na vijidudu vinabaki.

Chakula kinachostahimili mfuko: karanga za kukaanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vilivyochemshwa usiku. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa ni watamu sana njiani, ila chumvi yao inadai maji. Hesabu nusu lita zaidi. Beba pia sukari na chumvi kidogo. Mtu akitapika au kuharisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa, katika lita moja ya maji safi. Anywe kidogo kidogo.

Kujipima ndani ya mji

Kabla ya kuvuka mto kwenda Rwanda, mguu upimwe nyumbani. Mipando miwili inatosha. Wa kwanza ni kutoka Place de l'Indépendance kupanda hadi soko la Kadutu na kuendelea juu ya mtaa, mapema kabla soko halijafurika. Ukifika juu unahema lakini unaweza kusema sentensi nzima, mwendo wako ni sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, unakwenda haraka mno, na kasi hiyo hutaiweza saa ya tatu.

Wa pili ni mwepesi: Avenue Lumumba mpaka Nyawera, kisha kuingia rasi ya La Botte na kurudi. Huu ndio mji wa zamani, ule ulioitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950, na nyumba nyingi za wakati huo bado zimesimama na madirisha yake ya duara na vibaraza vilivyopindwa kama meli. Ukiwa rasini tazama upande wa ziwa, utaona jinsi mji ulivyonyosha vidole vitano majini. Tembea na mfuko wenye uzito uleule utakaobeba siku ya safari. Bega likiuma hapa, rekebisha mikanda hapa.

Usipige picha daraja, kizuizi cha mpaka, bwawa la umeme wala askari, upande wowote wa mto. Hilo halina mjadala. Na siku ambayo mjini kuna wasiwasi, safari inaahirishwa. Ulizia asubuhi ileile kwa watu wanaovuka kila siku, wachuuzi na akina mama wa soko, maana wao wanajua hali kabla ya redio.

Kuvuka na kupata bisi

Teksi au pikipiki inakufikisha kwenye kizuizi cha mpaka kinachoitwa Ruzizi ya kwanza, penye daraja. Fika mapema kadiri mpaka unavyofunguliwa, maana foleni ya wachuuzi hukua haraka. Kwa matembezi ya kulala nyumbani, wakaaji wa karibu hutumia karatasi za jirani wa mpaka; lakini ukiwa na nia ya kwenda mbali na Kamembe, mji ulio juu ya daraja upande wa Rwanda, beba paspoti au kitambulisho cha CEPGL (jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu) ambacho muda wake haujaisha, pamoja na kadi ya njano ya chanjo. Mtu aliyekamatwa ndani sana na karatasi isiyofika huko anapoteza siku nzima akieleza. Uliza pia, palepale unapogongewa muhuri, mpaka unafungwa saa ngapi leo. Saa hizo zimebadilika mara nyingi.

Usivuke na sashe za plastiki. Rwanda imezipiga marufuku tangu 2008 na zinatolewa mfukoni mwako mpakani. Chakula kifunge kwenye kitambaa, karatasi au kopo. Nguo za akiba zisizolowa mvua zitie kwenye mfuko mzito wa turubai.

Simu nayo ina mtego wake. Kando ya Ruzizi mitandao ya nchi mbili inagombana hewani, na simu yako inaweza kushika wa ng'ambo ukiwa bado Nguba, upande wa Bukavu, ikala salio lako kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao kwa mkono, zima data. Ramani ipakue nyumbani ili ifanye kazi bila intaneti.

Kutoka darajani kupanda hadi gare, yaani kituo cha bisi, ya Kamembe kuna mpando wa zaidi ya mita 100, kwenye barabara ya lami inayojipindapinda. Pikipiki zipo, na abiria pia anavaa kofia ngumu. Ila kama una muda, mpando huu wenyewe ni matembezi mazuri: kila kona unageuka na kuiona Bukavu yote upande wa pili, na mto ukitoka ziwani kama uzi.

Kumbuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Upande wa Rwanda ni asubuhi ya umuganda, watu wote wako kazini mtaani na bisi hazitembei mpaka karibu saa 5. Chagua siku nyingine.

Njia ya ziwa

Kutoka Rubavu, jirani ya Goma, mpaka Rusizi, jirani ya Bukavu, kuna njia ndefu inayoitwa Congo Nile Trail: kilomita 227 kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Kwa desturi watu huigawa kwa siku 10 za miguu. Fanya hesabu: karibu kilomita 23 kwa siku, juu na chini. Kwa mtu asiyezoea hiyo ni nyingi mno. Anza na nusu yake, siku moja, upande huu wa kusini.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaoanza hulifanya kinyume. Wanatoka Kamembe kwa miguu asubuhi, wanakwenda mpaka wachoke, kisha wanatafuta bisi ya kurudi. Ikija imejaa, ikija nyingine imejaa, jua linazama, mpaka unafungwa. Fanya hivi badala yake: panda bisi kwanza, asubuhi, wakati viti vipo, ikupeleke mpaka mwisho wa safari yako, halafu rudi kwa miguu kuelekea Kamembe. Kila hatua inakusogeza karibu na nyumbani. Ukichoka katikati, pikipiki yoyote inakumalizia kipande kilichobaki kwa bei ndogo kuliko ungelipa ukiwa mbali.

Kwenye gare panda bisi ya upande wa Ntendezi, pale barabara ya Karongi inapoachana na ile ya Huye, na ushuke njiani, kilomita 11 au 12 kutoka Kamembe. Kutoka hapo rudi ukitumia njia za udongo zilizo kati ya lami na ziwa, si lami yenyewe. Lami ya kandokando ya ziwa imefanya usafiri kuwa rahisi, lakini kwa mguu ni adui: inachoma, inagonga magoti, na magari ya mchanga yanapita kasi kwenye kona. Ukilazimika kuifuata, tembea upande wa kushoto, ukiyatazama yanayokuja, na kwenye kona iliyojificha vuka uende upande wa nje ambako dereva anakuona toka mbali.

Njia za udongo zinagawanyika kila baada ya nyumba chache. Kanuni ya kuchagua: inayoshuka moja kwa moja inakwenda kisimani au kwenye mitumbwi na itakufungia, inayozunguka kilima kwa usawa ndiyo inayounganisha kijiji na kijiji. Ukitilia shaka, uliza. Salimu kwanza: *mwaramutse* asubuhi, *mwiriwe* mchana, na wengi pande hizi watakujibu kwa Kiswahili. Usiulize kama ni mbali. Utaambiwa *ni hafi*, ni karibu, hata kama ni saa tatu, kwa sababu mwenyeji hapendi kukukatisha tamaa. Uliza: "Mama, wewe ukitoka hapa sasa, unafika saa ngapi?" Kwenye muda atakaokutajia ongeza theluthi moja, maana yeye anapanda kilima kila siku na wewe sivyo.

Ukiwa na siku ya pili, Shangi inafaa kuendewa. Ni rasini, juu ya maji, na ndipo mwaka 1896 jeshi la ufalme wa Rwanda lilipopambana na askari waliotoka Dola Huru ya Kongo na kushindwa kwa bunduki. Ukisimama pale na kuangalia ng'ambo unaelewa kwa nini kila mtu alilitaka eneo hili.

Usiogelee karibu na mdomo wa Ruzizi. Maji yanaonekana yametulia, lakini chini yanavutwa kuelekea mtoni, na huko mpaka nao uko katikati ya maji.

Msituni Nyungwe

Bisi za Kamembe kwenda Huye na Kigali zinapita katikati ya Nyungwe, hifadhi ya taifa tangu 2004 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2023. Waambie unashukia Gisakura au Uwinka, na ukubali kwamba huenda ukalipishwa nauli ya mbali. Mgongo wa msitu huu ndio unaogawa maji. Tone likianguka upande wetu linakwenda Kivu, Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, mpaka mto Kongo na Atlantiki. Likianguka upande wa pili linakwenda Rukarara, Nyabarongo, Akagera, mpaka Nile.

Njia zote hutembewa na mwongozaji wa hifadhi, na tiketi inalipwa ofisini. Fika kabla ya saa 3, maana makundi huondoka kwa saa maalumu.

Uwinka iko juu kabisa, zaidi ya mita 2,400, kwa hiyo njia zake zinaanza kwa kushuka na kumaliza kwa kupanda. Wageni hujisifu saa ya kwanza, wakashindwa ya mwisho. Weka akiba nusu ya maji na nusu ya chakula kwa ajili ya kurudi. Igishigishigi, takriban kilomita 2, ndiyo inayopita kwenye daraja la kamba juu ya miti, lenye urefu wa mita 160. Linayumba, weka miguu katikati, mikono kwenye nyaya zote mbili, tazama mgongo wa aliye mbele. Umuyove ni kilomita 5 na nusu hivi. Imbaraga inakaribia 10, na jina lake, "nguvu", limesemwa kweli: maporomoko ya maji ni mazuri, kupanda kutoka huko ni kazi.

Gisakura ndiko inakoanzia Isumo, kilomita 10 na kitu, kwanza kwenye mashamba ya chai na baadaye msituni mpaka chini ya maporomoko. Kwa mtu wa Bukavu anayefika mara ya kwanza, hii ndiyo ya kuchagua: iko karibu zaidi na Kamembe na kurudi ni rahisi. Mlima Bigugu, mita 2,950, uache kwa safari ya pili. Njia yake inaanzia kando ya barabara kuu na unahitaji gari.

Baridi ya huko inawashangaza watu wa ziwani. Beba sweta na koti la mvua hata kama Bukavu kumekucha na jua. Mtu aliyelowa akianza kutetemeka na kuongea kwa kugugumia, mvue nguo mbichi, mvike kavu, mpe kitu chenye sukari, na msibaki nyuma ya wengine mkiwa wawili tu.

Shida ya Nyungwe ni bisi ya kurudi. Zinatoka Kigali na Huye zikiwa zimejaa. Kabla ya kuondoka Kamembe, ongea na karani wa gare, akuandikie kiti cha kurudia na saa ya gari kupita. Maliza njia kabla ya saa 8 mchana, na usubiri penye ofisi na watu, si kwenye kona ya msitu.

Kahuzi

Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970, ina kituo Tshivanga, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini kwa barabara ya Miti, na Kahuzi wenyewe una mita 3,308. Hakuna mlima mzuri kuuliko pande zetu. Lakini hifadhi imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997, na huko haiendwi kwa kujaribu. Pitia ofisi ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, uambiwe kama njia imefunguliwa, uende na walinzi wake. Wakisema hapana, ni hapana.

Mvua ikikukuta

Juni mpaka Agosti ni kiangazi: njia kavu, vumbi, na ukungu wa mbali unaoficha milima. Septemba mpaka Mei mvua inanyesha, mara nyingi baada ya mchana, na Februari huweza kukupa siku chache za nafuu. Ukisikia radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, gawa kwa 3, hizo ni kilomita. Ikifika 10 au chini yake shuka toka mgongoni mwa kilima, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake na mbali na maji, kaa bondeni penye vichaka vifupi, mmoja mmoja mkiwa mmeachana.

Kwenye mteremko uliolowa usiegemee nyuma; ndivyo kiatu kinavyotoka. Kunja magoti kidogo, hatua fupi, unyayo wote uguse kwa pamoja, fimbo ya mwanzi mbele yako upande wa bondeni. Kijito ulichokivuka asubuhi kikifika magotini na maji yamekuwa mekundu, usikivuke. Keti mahali pa juu, upande wa kilima kilicho imara, mbali na ukingo uliochimbika, na ungoje. Vijito vyetu ni vifupi, vinajaa kwa nusu saa na vingi vinapungua baada ya saa moja au mbili tangu mvua ikatike. Hapo ndipo zile saa 3 za akiba zinapotumika.